Chumba baridi, picha zenye koga: utatuzi wa hitilafu za hewa na umeme katika jumba la sanaa la pwani

Mwongozo huu umetokana na hitilafu zilezile ambazo wasimamizi wa majumba madogo ya sanaa katika mwambao wetu, kuanzia Lamu hadi Kilwa, hunieleza mwaka hadi mwaka, hasa masika yanapoanza. Wengi wao wamo katika nyumba za kale za mawe ya matumbawe na chokaa, wanatunza picha za Tingatinga zilizochorwa kwa rangi ya enameli juu ya hadibodi, vinyago vya mpingo, kanga za zamani na picha za karatasi, na umeme wao ni wa gridi unaosaidiwa na sola.

Nitangulize msimamo wangu ili msomaji ajue ninakotoka. Huku pwani unyevu huharibu kazi za sanaa kabla joto halijafika, na mara nyingi sola inayolalamikiwa kuwa ndogo inabebeshwa kazi ya kukausha hewa inayopenya mlango usiofunga. Mwaka 2014 jumuiya za kimataifa za wahifadhi, IIC na ICOM-CC, zilikubaliana kwamba viwango vya hewa kwa makusanyo viwe vinavyofikika katika tabianchi ya mahali husika. Kwa hiyo anayekulazimisha ushike nyuzi 20 na unyevu wa asilimia 50 mwaka mzima ndani ya nyumba ya Mji Mkongwe anakuuzia mtambo pamoja na bili yake. Kwa makusanyo ya kudumu mimi huomba unyevu usiopita asilimia 65, usiopanda wala kushuka zaidi ya pointi 10 kwa siku, na joto la nyuzi 26 hadi 28. Kazi zilizoazimwa kutoka kwingine huja na masharti yake katika mkataba, na hayo hayana mjadala.

Kabla ya dalili yoyote: je, kipimo kinasema kweli?

Vipimaunyevu vya bei nafuu hupotoka kwa pointi 5 hadi 10 bila kutoa ishara yoyote. Chukua kifuniko cha chupa ya maji, weka ndani yake chumvi ya mezani, udondoshee maji kidogo mpaka iwe kama mchanga mbichi wa ufukweni, yaani iloe bila kuelea. Kiingize pamoja na kipimo chako katika mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, uufunge vizuri, kisha uuache mahali penye kivuli kwa saa 12. Hewa iliyo juu ya chumvi iliyoloa hutulia kwenye asilimia 75, na katika joto letu namba hiyo haibadiliki kwa kiasi cha kukusumbua. Kipimo kikisoma 69, andika kwa kalamu mgongoni mwake «ongeza 6» na uendelee kukitumia. Ikumbuke namba hiyo ya 75, kwa sababu itarudi tutakapofika kwenye kuta.

Dalili: chumba ni baridi, lakini koga inaota nyuma ya picha

Hili ndilo lalamiko la kwanza kwa wingi, na ndilo linalowashangaza watu zaidi, kwa kuwa wamezoea kudhani kwamba ubaridi na ukavu ni kitu kimoja. Hewa yenye nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 60, ikipozwa hadi nyuzi 24 bila kutolewa maji yoyote, hufika asilimia 85. Koga huanza kustawi unyevu unapokaa juu ya asilimia 70 kwa siku kadhaa, kwa hiyo kiyoyozi kinachopoza bila kukausha kinaiandalia koga makao.

Sababu inayoongoza ni kiyoyozi kikubwa kuliko chumba. Katika jumba moja nililoitwa, ambalo sitalitaja, fundi alikuwa amefunga kiyoyozi cha BTU 24,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza) katika chumba ambacho kingetoshwa na cha BTU 9,000, kwa hoja kwamba kikubwa hupoza upesi. Kilipoza upesi kweli: kompresa iliwaka dakika nne, ikazima, ikapumzika dakika kumi, ikawaka tena. Nilipoitungua picha ya tembo na twiga iliyokuwa kwenye ukuta wa nje, hadibodi ilikuwa imevimba pembeni chini hadi ukucha wangu ukazama, na mgongoni koga ya kijani ilikuwa imechora mstari ulionyooka palepale fremu ilipogusa ukuta. Maelezo yake ni rahisi. Koili ya ndani huhitaji dakika kadhaa kupoa vya kutosha, na matone huhitaji dakika nyingine kuungana na kudondokea kwenye bomba. Kompresa ikizima mapema, maji hubaki kwenye koili na feni huyarudisha chumbani. Ukaguzi wake hauhitaji chombo chochote isipokuwa saa: simama nje karibu na kompresa mchana wa joto, uhesabu inawaka kwa muda gani. Chini ya dakika kumi kwa mkupuo ni dalili mbaya.

Sababu ya pili ni feni kuachwa izunguke mfululizo hata kompresa ikiwa imezima. Badilisha mpangilio kwenye rimoti uwe wa kujiendesha, au utumie ule wa kukausha wenye alama ya tone la maji. Hakuna gharama.

Ya tatu ni hewa ya nje kupenya. Asubuhi kabla ya wageni, zima feni zote, washa kijiti cha udi mbali na kazi za sanaa, ukipitishe polepole pembezoni mwa mlango, chini ya madirisha na pale mabomba yanapotoboa ukuta. Moshi utakaoinama ghafla unakuonyesha tundu. Milango ya nakshi ya mwambao ni fahari yetu, ila mbao zake mbili huacha mwanya katikati unaopitisha hata kidole. Usiiguse milango yenyewe: jenga mlango wa pili wa ndani, mwepesi, wenye mikanda ya mpira, ili nafasi iliyo kati yake na mlango wa nakshi iwe kama ukumbi mdogo wa kuzuia hewa.

Ya nne ni picha kugusa ukuta wa nje. Bandika vipande vya kizibo cha chupa au mpira kwenye pembe za fremu ili pawe na nafasi ya sentimita 2 au 3 hewa ipite. Mwisho kabisa ndipo ushuku koili chafu au gesi iliyopungua, ingawa kwa kawaida fundi akifika hilo ndilo la kwanza kulitaja.

Ukishamaliza hayo na unyevu bado uko juu, usinunue kiyoyozi kingine. Kipandishe kilichopo hadi nyuzi 26 au 27, kisha uongeze mashine ya kukausha hewa, ambayo joto dogo inalolitoa lenyewe husaidia kushusha asilimia ya unyevu. Maji yake yatoke kwa mpira kwenda nje. Ndoo hujaa Jumamosi usiku, mashine hujizima yenyewe kama ilivyoundwa, na Jumatatu unakuta asilimia 82.

Ipo pia njia inayotumia umeme mdogo zaidi, nayo ni feni za kuingiza na kutoa hewa zinazoongozwa na vipimaunyevu viwili, kimoja ndani na kingine nje, zikawaka pale tu hewa ya nje inapokuwa na mvuke mchache kuliko ya ndani. Taasisi ya Uhifadhi ya Getty iliijaribu njia ya feni pamoja na upashaji joto mdogo katika nyumba ya Hollybourne, kisiwani Jekyll huko Georgia, Marekani, ambako hewa ni ya joto na unyevu kama yetu. Kwetu inafaa zaidi Julai na Agosti. Wengi hudhani kaskazi ndiyo msimu mkavu kwa kuwa jua ni kali, lakini hewa ya Januari na Februari imebeba mvuke mwingi kuliko ya katikati ya kusi. Mchana wa Julai unaweza kupata hewa ya chini ya asilimia 65 bila kulipa hata senti.

Acha kazi na umwite mhifadhi iwapo koga imefika kwenye uso wa picha yenyewe, kwenye kitambaa au karatasi, au imeenea ukutani kuliko ukubwa wa msala. Usiipanguse kwa kitambaa kibichi wala kuipaka dawa ya klorini, kwa sababu unaisambaza na kuichoma rangi kwa pamoja. Funga chumba, zima feni, vaa barakoa nzuri na glavu, uitenge kazi hiyo na nyingine.

Dalili: matone kwenye vioo, darini au chini ya kiyoyozi

Matone yakiwa chini ya kiyoyozi, karibu kila mara ni bomba la kutolea maji lililoziba kwa utelezi wa kijani. Zima umeme wa mashine, uvute uchafu kutoka upande wa nje, kisha umimine maji safi taratibu kwenye sinia ya ndani na kuangalia kama yanatoka. Bomba likiwa safi, angalia kichujio, kwani kichujio kilichojaa vumbi hugandisha koili, na barafu ikiyeyuka hufurika nje ya sinia. Pwani kichujio kisafishwe kila wiki mbili. Koili ikiendelea kuganda baada ya hapo, gesi imepungua, na hiyo ni kazi ya fundi mwenye vifaa. Anayeongeza gesi bila kutafuta inakovujia utamwita tena baada ya miezi.

Matone yakiwa kwenye vioo, kwenye bomba la maji au kwenye boriti, tatizo ni umande. Hewa ya nje yenye nyuzi 28 na unyevu wa asilimia 80 hutoa umande kwenye kitu chochote kilicho chini ya nyuzi 24. Kwa hiyo chumba kilichopozwa hadi 21 kitatoa jasho kila mlango unapofunguliwa. Pandisha nyuzi, ziba matundu, funga mabomba baridi kwa sponji yake. Matone yakionekana karibu na waya, soketi au taa, zima swichi kubwa kabla ya kugusa chochote na umwite fundi umeme.

Dalili: unga mweupe ukutani, lipu inabambuka

Hapa ndipo ile namba ya 75 inaporudi. Mawe ya matumbawe yalitoka baharini na chumvi yake, na mchanga uliotumika kujengea huenda nao ulikuwa wa ufukweni. Hewa inayogusa ukuta ikipita asilimia 75, chumvi huyeyuka na kuingia ndani ya lipu. Ikishuka chini ya hapo, huganda kuwa fuwele zinazosukuma lipu kutoka ndani. Jumba linalowasha viyoyozi saa mbili asubuhi na kuvizima saa kumi na moja jioni huvuka mstari huo mara mbili kila siku, na mimi husema bila kusita kwamba kuta hizo zingekuwa salama zaidi bila kiyoyozi chochote.

Hata hivyo anza ukaguzi juu. Maji ya paa ndiyo sababu kubwa: mfereji ulioziba kwa majani, bomba la kushushia lililopasuka nyuma ya ukuta, bati lililotoboka kwa kutu. Panda siku ya mvua, si siku ya jua. Baada ya hapo angalia kama ukuta umepigwa lipu ya saruji. Saruji haiupi ukuta wa matumbawe nafasi ya kupumua, hivyo maji hupanda hadi pale saruji inapoishia na kutokea hapo, na ndiyo maana unaona mstari wa unga juu ya mita moja ilhali chini panaonekana pazuri. Dawa yake ni kuibandua saruji, kuuacha ukuta ukauke kwa miezi, tena kwa subira, na kupiga lipu ya chokaa. Unga wenyewe ufagie kwa brashi kavu. Ukiosha kwa maji unaurudisha ndani.

Ukiona ufa unaoongezeka, boriti iliyolika mwishoni palipoingia ukutani, au dari inayoinama, waondoe watu na umwite mhandisi wa majengo. Sehemu ya Beit al-Ajaib, jengo la mwaka 1883, iliporomoka Unguja mwezi Desemba 2020, na tangu hapo hakuna anayeweza kusema nyumba ya mawe haina haraka. Kumbuka pia kwamba Mji Mkongwe wa Zanzibar na ule wa Lamu ni urithi wa dunia, hivyo kompresa ukutani na paneli juu ya paa huhitaji kibali kabla ya fundi kutoboa.

Dalili: rangi inainuka, mpingo unachanika

Kwa kawaida kitu kimehama ghafla, au hewa inapuliza moja kwa moja juu yake. Sogeza mkono wako mbele ya kazi: ukiusikia upepo, geuza mapezi ya kiyoyozi. Kinyago kilichotoka karakana yenye unyevu wa asilimia 80 kisiingizwe siku hiyohiyo katika chumba cha 55. Kiache wiki kadhaa ndani ya kabati la kioo lenye silika jeli, yaani chembe zinazofyonza unyevu, iliyoandaliwa kwa kiwango unachotaka, kishuke polepole. Vipande vya rangi vilivyodondoka vikusanye katika bahasha na uandike vilipotoka. Gundi usiiguse, hiyo ni kazi ya mhifadhi.

Dalili: betri hazifiki alfajiri

Watu hukimbilia kuongeza paneli. Tupige hesabu kwanza. Mashine ya kukausha yenye wati 400 ikifanya kazi saa 10 za usiku hula uniti 4. Betri ya asidi haipaswi kutumiwa zaidi ya nusu yake, hivyo unahitaji uniti 8 za akiba; betri moja ya volti 12 na ampea-saa 200 ina uniti 2.4, kwa hiyo ni betri nne, kabla ya kuhesabu kinachopotea kwenye inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe wa soketi. Jumba lenye betri mbili halina hitilafu yoyote, lilidanganywa tangu mwanzo.

Ikiwa hesabu inatosha na bado hazifiki, sababu ya kwanza ni mzigo ulioongezeka kimyakimya: friji ya ofisini, birika, taa za zamani za halojeni. Taa moja ya wati 50 ikibadilishwa na ya LED ya wati 6 au 7 hupunguza umeme na joto vilevile, na karatasi na vitambaa havihitaji mwanga wa zaidi ya luksi 50. Sababu ya pili ni paneli zenye vumbi, chumvi ya bahari na kinyesi cha ndege, au kivuli cha mwembe uliokua tangu zifungwe. Kivuli juu ya kipande cha paneli moja hushusha mstari mzima. Zioshe alfajiri kwa maji yasiyo ya chumvi. Ya tatu ni joto la mahali betri zilipo. Betri ya asidi hupoteza takribani nusu ya umri wake kwa kila nyuzi 10 juu ya 25, na nimezikuta chini ya ngazi katika nyuzi 38. Ya nne ni uzee: pumzisha betri saa chache bila mzigo, kisha uipime. Yenye afya iliyojaa husoma karibu volti 12.7, na 12.2 ni nusu. Ikijaa asubuhi na kuanguka mara tu inapobebeshwa mzigo, imekufa. Usichanganye mpya na kuukuu katika seti moja.

Betri zisikae katika stoo ya kazi za sanaa, kwa kuwa zinapochaji hutoa hidrojeni, na mvuke wa asidi hula chuma na karatasi. Betri iliyovimba, inayochemka au kutoa harufu ya yai viza: kata chaji, fungua madirisha, toka, mwite fundi wa sola. Nyaya zinazoshuka kutoka kwenye paneli zina umeme muda wote jua likiwaka, hata swichi kubwa ikiwa imezimwa.

Dalili: inveta inakata kompresa inapowaka

Kompresa ya kawaida huvuta ampea mara tano au zaidi ya kawaida yake inapoanza. Angalia kwanza kama mashine mbili zinaanza kwa pamoja baada ya umeme kurudi, uzipishanishe kwa dakika kadhaa. Kisha kaza na usafishe vichwa vya betri, baada ya kuzima kila kitu, maana kutu ya kijani hapo huangusha volti. Tiba ya kudumu ni kiyoyozi chenye kompresa inayobadili mwendo, ambacho huanza polepole. Kuongeza ukubwa wa fyuzi ni kutafuta moto.

Dalili: vifaa vinaungua umeme unaporudi

Weka kwenye kila kompresa kifaa cha kuchelewesha chenye kulinda dhidi ya volti ndogo na kubwa. Hakikisha waya wa ardhini upo na umepimwa, kwani katika udongo wa mchanga ulio mkavu mara nyingi haufai kitu. Ukitumia jenereta, iwe nje, na iunganishwe kupitia swichi ya kubadilishia peke yake. Jenereta iliyochomekwa kwenye soketi hurudisha umeme barabarani na kumuua fundi wa shirika aliye juu ya nguzo.

Dalili moja haina ukaguzi wa kwanza wala wa pili. Ukiona taa za vyumba vingine zinang'aa kupita kiasi na za vingine zimefifia, waya wa nyutro umekatika, na soketi yenye volti 230 inaweza kupanda kuelekea 400. Zima swichi kubwa palepale na upige simu shirika la umeme. Usiiwashe tena kwa kujaribu.

Kukatika kwa siku nyingi nako kupangiwe. Unguja ilikaa bila umeme wa gridi tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010, baada ya hitilafu kwenye njia ya kebo ya baharini. Kwa hiyo bandika kando ya swichi kubwa orodha ya nini kizimwe na kwa mpangilio gani: kwanza kiyoyozi cha ofisi, kisha vya kumbi za maonyesho, na mashine ya kukausha ya stoo iwe ya mwisho. Karatasi na kanga zihamishiwe makabati yenye silika jeli siku ya kwanza, milango ikiwa bado imefungwa na chumba bado kikavu. Jina la anayeshika ufunguo wa stoo usiku liandikwe kwenye orodha hiyohiyo, kwa wino usiofutika na unyevu.